Kofia za Mwalimu Mkuu

Mwalimu Mkuu alirudi kutoka semina na begi jipya, cheti chenye mhuri na homa ya ubunifu. Begi lilichanika mapema. Homa ikagoma kushuka.

"Kusoma kwa vitabu kumepitwa na wakati," aliwatangazia walimu wake ofisini. "Mtoto lazima awe herufi yeye mwenyewe!"

"Na wangu wawe sifuri?" akauliza mwalimu wa hesabu. "Maana huko wameshafika."

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa mwalimu wa darasa la pili. Yeye macho yake yalikuwa kabatini. Nyuma ya kioo kulikuwa na vitabu vya hadithi, vipya, vingali ndani ya nailoni, vimefungiwa humo tangu mwanzo wa mwaka. Darasani kwake watoto waligombea kitabu kimoja kisicho na jalada wala mwisho. Kurasa ziliishia fisi akiwa shimoni, na hakuna aliyejua kama alitoka.

"Mkuu, naomba ufunguo nikawagawie watoto."

"Wavichafue? Wale wana mikono kama makanika! Sikia, dada. Mkaguzi anakuja. Darasa lako ndilo litakaloonyesha mbinu yangu. Ukinitoa kimasomaso, ufunguo wako."

Basi zikakatwa kofia za karatasi ngumu, kila moja na herufi nyekundu kwenye paji la uso. Neno likitajwa, wenye herufi zake wanakimbia kujipanga. Mwanzoni ilikuwa vurugu mechi. Baadaye watoto wakanyooka kama rula, na Mkuu akawa anapita dirishani akijipongeza.

Ila mwalimu aliona jambo. Mapengo, binti asiye na meno ya mbele, ndiye aliyekuwa K. Siku moja aliivaa kofia yake kinyumenyume, herufi kisogoni, na bado alifyatuka kama mshale akasimama mahali pake barabara.

"Umejuaje kuwa ni hapo?"

"Kwenye kalamu naanza mimi, halafu Kibonge, halafu dada yake, halafu wale mapacha..."

Hapo mwalimu akaelewa. Watoto hawakuwa wakisoma herufi. Walikuwa wakisomana nyuso. Na mtoto angeionaje herufi iliyo kwenye paji lake mwenyewe? Semina nzima, pamoja na chai yake na vitafunio vyake, hakuna aliyeuliza.

Akaufyata. Alichotaka yeye ni ufunguo.

Mkaguzi akafika, mama mmoja wa maneno machache, miwani imemning'inia shingoni. Watoto wakapaza "Shikamoo!" hadi vioo vikatetemeka. Mkuu akataja neno, wakajipanga. Akataja jingine, wakajipanga. Akamtazama mkaguzi kama jogoo aliyelichomozesha jua mwenyewe.

"Vizuri," akasema mkaguzi. "Sasa wanangu, hebu badilishaneni kofia. Haya, nipangieni kalamu."

Watoto wakakimbia. Mapengo mbele, Kibonge nyuma yake, na wengine kama kawaida, wamenyooka, vifua mbele. Kofia zao zikasomeka MUKALA.

"Ka-la-mu!" darasa zima likapiga kelele kwa fahari.

Mkuu akamsogelea mwalimu, jasho likimtiririka. "Sema ni woga," akanong'ona. "Sema ni woga, ufunguo nakupa leo hii!"

Ufunguo ulikuwa pale pale, mfukoni mwa shati lake. Mwalimu akautazama, akawatazama watoto waliovaa MUKALA wakitabasamu.

"Si woga, mama," akasema kwa sauti. "Hawajui kusoma. Wanajua nani husimama nyuma ya nani. Nililiona hilo mapema nikanyamaza, na hilo ni kosa langu. Vitabu vyao vipo, vimefungiwa ofisini visichafuke."

Mkuu akaufunika mfuko wa shati kwa kiganja.

"Mwalimu Mkuu," mkaguzi akasema, akivaa miwani, "twende kwenye hilo kabati."

Nailoni zilichanwa hapo hapo. Mapengo alichimbua hadi akakipata kile kile kitabu cha fisi, kizima, chenye jalada. Akaruka moja kwa moja ukurasa wa mwisho.

"Ametoka! Fisi yuko nje!"

"Ametokaje?" Kibonge akamrukia.

Picha haikusema. Mapengo akaikodolea macho, akaigeuza, akamtazama mwalimu, na mwalimu akapandisha mabega. Basi akafungua nyuma kidogo, akaweka kidole kwenye neno la kwanza. "F... fi..."

Kofia ziliishia kuwasha moto jikoni. Mkuu naye hakufa kwa aibu; watu wa aina yake hawafi kwa hiyo. Haukupita muda akaalikwa semina nyingine, safari hii yeye ndiye mtoa mada: "Mbinu Bunifu ya Kitabu Mkononi."

"Dada," akamwambia mwalimu, begi jipya begani, "niazime vitabu viwili vitatu nikawaonyeshe wenzangu. Vile vilivyo safi."

"Pole, Mkuu," akajibu mwalimu, akijidai. "Hakuna kilicho safi hata kimoja."