Kilemba cha Mwenyekiti

Mwenyekiti wa chama chetu alikuwa jikoni, akimpaka mafuta ya miguu jogoo wake wa maonyesho, binti yake alipomleta mchumba. Jogoo alisimama juu ya meza ya chakula, kwenye taulo safi. Mchumba alipewa ndoo aketi, maana viti vyote vilikuwa na matetea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unafanya kazi gani?"

"Naendesha mashine ya kutotolea vifaranga."

Mwenyekiti alimziba jogoo masikio. "Na wazazi wako?"

"Sikuwajua, baba. Nililelewa kwenye kituo cha watoto."

Chama chetu ni cha kuku wa mbegu safi. Kwetu kuku ni kuku ikiwa ukoo wake unajulikana na kilemba chake, kile kinyama chekundu cha kichwani, kina meno matano. Wa mashine hatuwatambui. Mimi mwenyewe sijui babu yangu alizikwa wapi, lakini jogoo wangu namjua hadi babu wa babu yake. Ana nasaba ya kifalme, na anaogopa panzi.

"Huyu ni kifaranga wa mashine," Mwenyekiti alimwambia binti yake. "Haijulikani katagwa na nani. Simwozeshi mtu."

"Baba, hilo yai ulilokula asubuhi ni la kuku wa mama, na kuku wa mama ni wa mashine."

"Yai unakula tu. Huliozeshi mtoto."

Kesho yake Mwenyekiti aliamka na kilemba kichwani. Kilikuwa chekundu, cha moto kidogo, na kilitikisika alipopiga mswaki. Mkewe alikitazama akasema kofia zote sasa itabidi zitobolewe. Kinyozi alinyoa kukizunguka, bei ile ile. Sisi wanachama tulimpa hongera. Tulikuwa tumemvika kilemba cha ukoka miaka mingi, kwa hiyo kilipoota cha nyama tuliona ni haki yake.

Shida ilianza Katibu alipokihesabu. Kilikuwa na meno sita. Alihesabu tena kuanzia kisogoni, yakawa sita vilevile.

Mkutano uliitishwa sebuleni kwa Mwenyekiti. Kanuni yetu iko wazi: mwenye meno sita anafutwa ukoo, yeye na kizazi chake chote. Binti alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa na furaha.

"Basi mfuteni," alisema. "Akifutwa, na mimi nimefutwa. Nitakuwa wa mashine kama mchumba wangu, na hakutakuwa na cha kunizuia."

Alikuwa na hoja, tena safi. Tulikohoa, tukatazama dari. Kilemba cha Mwenyekiti kililala upande.

Katibu ndiye aliyetuokoa. Alipendekeza kanuni isomeke: meno matano, au sita kwa mwenye kiti. Tulipiga kura. Mimi nilinyoosha mikono yote miwili, nisije nikaonekana mvivu.

"Na mchumba wangu?" binti aliuliza.

Mwenyekiti alikiweka sawa kilemba chake kwa vidole viwili. "Yule hana ukoo, mwanangu. Kanuni ni kanuni."

"Kabisa," tulisema.

Kijana alikuwa anasubiri nje ya geti, kavaa shati lake la kupigia picha. Binti alipomwendea tulimsikia akiuliza, "Wamesemaje?" Binti akamjibu, "Wamesema baba ana ukoo." Kisha alirudi ndani, macho mekundu, akapita jikoni kumsaidia mama yake.

Mwenyekiti aliwika kufunga mkutano. Majogoo wetu wa maonyesho, tuliokuja nao, walinyamaza. Waliomwitikia ni matetea wa mkewe, kule nyuma ya nyumba, wote kwa pamoja.

Niliona aibu, sikatai, lakini pia nilikuwa na njaa. Binti alileta chai na sinia la mayai ya kuchemsha, akaliweka mezani bila kutuangalia. Tuliyala yote, na hakuna aliyeuliza yametagwa na nani.