Mivule ya Juu ya Korongo

Afisa misitu alikuwa amebakiwa na siku mbili. Jumamosi alitakiwa asimame mbele ya wanakijiji wanaoishi kando ya msitu wa hifadhi, awasomee malengo saba ya sera mpya ya taifa ya misitu, na kila alipoyasoma kwa sauti ulimi wake ulikuwa mzito kama umetiwa udongo. Akaamua kumsomea baba yake kwanza.

Baba yake, aliyehamia kwake tangu mama afariki, alikuwa amepasua mbao miaka thelathini na moja. Kazi hiyo ilimwachia mabega mapana na sikio moja zima. Alijiweka sawa kwenye kochi, akaligeuza lile sikio zima, akamwambia binti yake, "Haya mama, nipe."

"Lengo la kwanza. Kuhakikisha usimamizi endelevu wa rasilimali za misitu kwa kuwashirikisha wadau."

"Wadau ndio akina nani?"

"Watu wote wanaohusika na msitu, baba."

"Si useme watu? Unawaficha wa nini?"

Akacheka, akalikata neno kwa kalamu. Bayoanuwai nayo ilimtoa mzee jasho, mpaka wakakubaliana kwamba ni miti pamoja na kila kinachoishi humo, hadi wadudu. Walipomaliza lengo la nne, mzee alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Lengo la tano. Kurejesha uoto wa asili katika maeneo yaliyoharibiwa na shughuli za kibinadamu. Kwetu hapa ni mteremko wa mashariki."

Mzee aliacha kucheka. Alijiinua, akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu.

Asubuhi chai yake ilipoa mezani. Binti alijilaumu. Alijua vizuri ni nani aliyepasua mbao za mteremko ule; mbao hizo ndizo zilizomsomesha.

"Baba, lile la tano nitaliruka," alisema mlangoni.

"Usiliruke. Na mimi nitakuja."

Jumamosi watu walijaa kwenye darasa la shule ya msingi. Malengo manne yalipita vizuri. Kwenye la tano, mama mmoja muuza mkaa akanyoosha mkono.

"Shughuli za kibinadamu, binadamu yupi? Maana tukisikia hivyo, huwa tunajua ni sisi tunaosemwa."

Kabla afisa hajafungua mdomo, dawati la nyuma lililia.

"Ni mimi," alisema baba yake, akiwa amesimama. "Miti ya mteremko ule niliikata mimi. Kibali nilikuwa nacho, na watoto watano walikuwa wanataka kula. Ya mbele sikuyafikiria. Huyu ni binti yangu, anaona haya kunitaja."

Binti alitamani kumkimbilia amkalishe, lakini alibaki mbele, ameshika karatasi yake.

"Ila iko mivule minne juu ya korongo," mzee akaendelea. "Hiyo sikuigusa."

"Uliihurumia?" akauliza muuza mkaa.

"Huruma ipi! Niliogopa kuvunjika shingo."

Watu wakaangua kicheko, na muuza mkaa ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Basi inadondosha mbegu bure tu kule," alisema mzee. "Ninyi mnataka kurudisha msitu. Mnangoja nini?"

Afisa hakujua kabisa habari za mivule hiyo. Mpango wa ofisi ulikuwa kuleta miche kutoka mbali. Aliikunja karatasi yake. "Utatupeleka, baba?"

"Magoti hayataki. Lakini nitayalazimisha."

Walikwenda Jumatatu. Binti alimshika mkono huu, muuza mkaa mkono ule, huku mzee akigombana nao wote wawili kuhusu njia. Mti mmoja ulikuwa umeanguka. Mitatu ilikuwa imesimama, minene, imetulia. Mzee aliweka kiganja kwenye gome la ule wa kwanza, akauamkia shikamoo bila utani wowote. Binti akageukia pembeni, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Mwaka uliofuata kitalu nyuma ya shule kilikuwa na miche mia nne ya mvule iliyooteshwa kwa mbegu za miti ile, na msimamizi wake ni yule muuza mkaa. Mzee hufika kila Alhamisi kuwakosoa. Husema wanamwaga maji ovyo. Mche unataka kunyweshwa kama mgonjwa, kidogo kidogo, na kwa maneno mazuri.