Bibi wa Kwenye Kasino

Tulinagwe alikuwa na siku moja tu, Jumamosi ile, na wilaya moja tu, Kyela, ya kuwaonyesha wakubwa wake kwamba hata kasino ya mtandaoni inaweza kufundishwa adabu. Jioni ikifika wachezaji wamekimbia, kazi yake ya mwaka mzima ingezimwa. Badala yake ingewashwa ile waliyoipenda wenzake wa idara ya masoko: akili mnemba inayonusa nani kauza kakao, kisha inamrushia bonasi kabla hajafika nyumbani.

Ya kwake nayo ilikuwa akili mnemba, ila ililelewa vingine. Ilimsoma kila mchezaji kivyake: huyu hucheza taratibu akisubiri chakula, yule hubonyeza kwa pupa tangu mwanzo. Mtu akianza kukimbia kupita mwendo wake mwenyewe, akifukuza alichopoteza, ilitakiwa imsimamishe. Onyo lilikuwepo tangu zamani, "Ndugu mteja, cheza kwa kiasi", maneno makavu kama kiporo cha juzi, na watu waliyafuta kwa kidole bila kuyasoma. Tulinagwe aliliondoa akaweka salamu.

Ndiyo, salamu. Emerensiana, bosi wake, mzaliwa wa Bukoba aliyezoea Dar es Salaam, alisafiri mpaka Ikolo, kijijini kwa kina Tulinagwe, ili ajionee mwenyewe, kisha aizime kwa roho safi. Walikaa kibarazani kwa mama yake Tulinagwe, mama Veronika, kompyuta mpakato ikiwa mezani kando ya bakuli la ndizi.

"Mdogo wangu," Emerensiana alisema, "mtu anapoteza, damu inamchemka, halafu wewe unamsalimia? Ataitupa simu ziwani."

"Dada, huku kwetu salamu ya mkubwa haipitwi hivi hivi."

"Kwa mkubwa mwenye miguu, sawa. Hii ni mashine."

Hilo ndilo lililomnyima Tulinagwe usingizi wiki nzima.

Basi ndipo alipoingia Asajile, kaka yake, uso unang'aa. Malipo ya kakao yalikuwa yameingia kwenye simu. Alikuwa anamsubiri Yakobo, jirani yao mfugaji, amletee ng'ombe wa mwisho wa mahari, amlipe kwa pesa hiyo. Huyo ng'ombe akilala Ngonga kwa kina Neema, mchumba wake, leo, kesho ndoa inatangazwa kanisani. Asipofika, basi tena. Baba yake Neema alishasogeza siku mara mbili, na alishaapa kwamba ya tatu hakuna.

Asajile akavuta kigoda chini ya upenu wa jiko, akamwamkia mgeni, akainamia simu. Mlio wa magurudumu ya bahati Tulinagwe aliujua kama mlio wa mlango wa kwao.

"Ni ya kwetu hiyo?" Emerensiana alinong'ona.

"Ni ya kwetu."

Alitaka kuruka aipokonye ile simu. Magoti yalishanyanyuka. Lakini akajiuliza: leo nitampokonya yeye, kesho nani atampokonya mtoto wa watu kule Itungi? Akakaa, na kukaa huko kulimuuma kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Mahari ya kaka yake ilikuwa mikononi mwa kitu alichokitengeneza mwenyewe.

Asajile alicheza kidogo, akapata, akacheka peke yake. Akapoteza. Kicheko kikakatika. Akabonyeza tena, akapoteza tena, na sasa kidole kilikuwa hakipumziki, kinadonoa kioo kama kuku kwenye mtama. Mashine kimya. "Sema," Tulinagwe aliiomba moyoni. "Sema basi, mbona umekuwa bubu!"

Magurudumu yakasimama. Sauti ya mwanamke mzee ikatoka kwenye simu, ya taratibu, yenye lafudhi ya nyumbani kabisa.

"Ugonile, mwanangu."

Sasa, katika nyumba ya mama Veronika watoto walifundishwa jambo moja kwa upole na kwa fimbo: mkubwa akikusalimia na una kitu mkononi, kitu hicho kinakwenda chini kwanza. Jembe, kikombe, chochote. Asajile alishtuka, akanyooka, akaiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa. Akapiga makofi mawili mepesi.

"Ndaga, bibi. Ugonile."

Emerensiana alibaki kinywa wazi, ndizi imeishia njiani.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, bibi."

"Na mama? Mpunga mmevuna salama?"

"Salama tu, bibi. Mama yupo, anapika."

"Ndaga. Naona leo mkono wako unakimbia, si kawaida yako. Nikufungie duka mpaka kesho?"

Asajile akajipangusa jasho.

"Funga, bibi. Ndaga fijo, asante sana."

Mama Veronika akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani huyo unaongea naye?"

"Bibi mmoja wa kwenye kasino."

"Kasino nayo ina bibi?"

Emerensiana alicheka mpaka akashika mbavu, na bado anacheka Yakobo akatokea njiani na ng'ombe mwekundu, mnene, anayekokota kamba kwa maringo. Pesa ya kumlipia ilikuwepo. Asajile aliihamisha papo hapo, asije akabadili mawazo.

Jioni kompyuta ilisema yaliyobaki. Wengi waliosalimiwa walifunga mchezo mpaka kesho, na badala ya kukimbia, karibu wote walikubali bibi aendelee kuwachunga. Emerensiana akapiga simu Dar es Salaam mbele ya Tulinagwe. "Ile bonasi ya msimu wa kakao futeni," alisema. "Na andaeni bibi wa Kihaya, wa kwetu Bukoba, haraka." Tulinagwe alipiga kigelegele cha kwanza, mama yake akakipokea, na majirani wakaitikia bila kujua wanashangilia nini.

Asajile aliikamata kamba ya ng'ombe aanze safari ya Ngonga, kisha akarudi hatua chache.

"Dada, yule bibi mnamfahamu? Nataka kumpelekea mchele."

Tulinagwe alishindwa kuyazuia machozi. Sauti ile ilikuwa ya bibi Tusajigwe, mwimbaji mstaafu wa kwaya, aliyekubali kuikopesha.

"Anakaa Itungi," alisema. "Mpelekee mwenyewe, na Neema umchukue."