Silika Iliyozidi Mlangoni mwa Mto

Ifahamike kwa walimwengu wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba asubuhi ile sayansi ya bahari ilipinduliwa chali. Aliyeipindua alikuwa Shangazi, mwenye koti jeupe na kandambili, akitafuta miwani iliyokuwa kichwani pake.

Alikuwa maabara akipima maji aliyoyateka wiki tatu nyuma, pale mto unapoingia baharini. Kabla ya saa sita wakubwa wa bwawa walitaka jibu: wafungue milango au wasifungue? Shangazi aliamini bwawa linazuia silika, madini ya mawe ambayo diatomu, vijimea visivyoonekana kwa macho, hujijengea magamba ya kioo. Diatomu zikifa huzama na kaboni hadi sakafuni mwa bahari. Zikikosa silika, huku mbolea ya mashambani ikizidi kushuka, nafasi yao huchukuliwa na uji wa kijani unaoua samaki.

Lakini mashine ilikuwa na yake.

"Silika tele!" Shangazi alishika kiuno. "Hata kwenye sampuli za mbali na mto, ambako haipaswi kuwapo! Imetoka wapi?"

"Labda mashine ina homa," alisema fundi wa maabara.

"Nimeijaribu kwa maji safi, haina neno. Mwenye homa ni mimi."

Akapima tena. Akabadili dawa. Akachora mstari, akaigeuza karatasi juu chini, akaona afadhali ulivyokuwa. Miaka mitatu amewapigia kelele wafungue; leo awaambie alikosea? Akashusha pumzi, akaanza kuandika: *Silika inatosha. Milango ibaki imefungwa.*

"Shangazi, usitume kwanza," alisema mpwa wake, binti mpole aliyekuja likizo kutoka bweni, akipangusa meza iliyokwisha kung'aa.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Basi tu."

"Basi tu haipimiki." Shangazi akachukua chupa asome lebo, akaigonga kwa ukucha. Ikalia *ting*. "Hee! Hii ni kioo!"

Fundi akatoa macho. "Maji ya silika kwenye kioo? Si kioo chenyewe ni silika? Kimekuwa kinayeyukia humo wiki tatu!"

"Mimi nilijaza za plastiki kwa mkono wangu. Na mwandiko huu…"

Wote wawili wakageuka.

Msimulizi sasa hana pa kujificha. Yule binti ni mimi, na huo upole nimejipa mwenyewe. Chupa ya plastiki ukiitoboa kifuniko inarusha maji hadi ukuta wa pili, nami nilitaka kumlowesha fundi kila akipita koridoni. Nikamimina sampuli zote kumi na mbili kwenye chupa za kioo, nikanakili lebo bila kukosea herufi. Nilidhani chupa ni chupa. Mstari ule alioandika Shangazi ulikuwa uongo wangu, na nilipouona ukiandikwa nilihisi chupa zangu zimehusika, ila ulimi ulikwama kwenye "basi tu".

"Nisamehe, Shangazi," nikasema. "Ufute. Ni mimi."