Ukuta Aliouvisha Kaz

Mzee Kaz Jablonski alikuwa fundi wa mawe ya bandia, na neno "bandia" halikumtia haya hata siku moja. Kwa miaka thelathini alizunguka mitaa yetu ya mashariki ya Baltimore akipigilia wavu wa waya kwenye kuta za matofali, akipaka saruji ya rangi, kisha akiichonga hadi ifanane na jiwe la kasri. Nyumba yake mwenyewe aliivisha mwaka 1957, wiki moja kabla ya harusi, na marehemu mkewe aliingia humo akijiona malkia.

Sasa ukuta ulikuwa unavuja. Maji yalipenya nyuma ya yale mawe, yakakosa pa kutokea, yakaishia sebuleni, na unyevu ukamtia mzee kikohozi. Binti yake Renata, muuguzi aliyerudi kuishi naye baada ya talaka, alimwita fundi. Fundi akagonga, akatega sikio, akasema dawa ni moja tu: mawe yote yatoke na nafasi za kati ya matofali zizibwe upya kwa chokaa, kama zamani. Bei aliyoitaja ilimkalisha Renata kwenye ngazi.

Mwenzake wa wodini ndiye aliyemwambia kuhusu punguzo la kodi. Mtaa wetu umo katika orodha ya mitaa ya kihistoria. Ukiirudishia nyumba yako sura yake ya asili, jimbo linakurudishia moja ya tano ya gharama unapofunga hesabu za kodi ya mapato. Sharti ni kibali kwanza, kazi baadaye. Kwa msaada huo Renata aliona ataweza. Kikwazo kilichobaki kilikuwa mezani, kinakula pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi.

"Sura ya asili?" Kaz alifoka, uma ukiwa hewani. "Sura ya nyumba hii ndiyo hiyo hapo nje! Niliiweka mimi!"

"Baba, nyumba hii ilijengwa miaka arobaini kabla hujazaliwa."

"Basi ilikaa uchi muda wote huo. Mkitaka kuivua tena, nizikeni kwanza."

"Kwa unyevu huu, hatutangoja sana."

Mzee alicheka bila kupenda, lakini hakukubali.

Kwa ombi la Renata, ofisi ya majengo ya kale ikamtuma mkaguzi, Bi Thaddea Purnell, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira na tochi. Kaz alimzibia mlango.

"Umekuja kuniambia kazi yangu takataka?"

"Hapana, mzee wangu. Nimekuja kuuliza hii rangi ya kijivu uliichanganyaje. Nimeona kuta nyingi, lakini hii haijapauka hata kidogo."

Kaz akasogea kando. Alieleza kwa saa nzima, mikono ikichonga hewa, na Bi Thaddea akaandika kila neno. Mwishowe akauliza misumari ilipigwa wapi, kwa sababu mafundi wengi waliipiga katikati ya tofali, na sasa matofali hayo hupasuka.

Mzee akashusha sauti. "Hapa nilipiga kwenye viungo tu, kati ya tofali na tofali. Yalikuwa mazuri mno. Niliyaonea huruma."

"Kumbe uliyapenda!" Renata akasema.

"Mama yako alitaka mawe. Nani angembishia mama yako?" Akaugonga ukuta kwa kidole. "Haya, yatoke. Lakini msimamizi ni mimi."

Maombi yakapelekwa. Tatizo likawa jipya: mzee aliyegoma sasa hakuweza kungoja. Jumamosi moja asubuhi Renata alisikia ko! ko! ko! akatoka mbio, taulo kichwani. Baba yake alikuwa juu ya stuli, tindo mkononi.

"Baba! Shusha nyundo! Barua haijaja!"

"Nalegeza tu."

"Hakuna kulegeza! Ukibandua kabla ya kibali, punguzo limekwenda!"

Ng'ambo ya barabara, jirani yao Verna Tilghman alikuwa akisugua ngazi zake za marumaru. "Kaz, mpenzi wangu," akamwita, "miaka sitini umeyalinda, leo wiki mbili zimekushinda?"

"Wewe sugua ngazi zako!"

Bahati nzuri, lilikuwa limetoka vumbi tu. Renata alifungia nyundo na tindo ndani ya gari lake, akaenda navyo kazini hadi barua ilipofika.

Siku ya kazi Kaz aliketi kwenye kiti barabarani akielekeza: "Chini kidogo. Kulia. Hapo." Na kila aliposema hapo, msumari ulikuwepo. Mawe yalitoka mabamba mabamba, matofali mekundu yakajitokeza, mazima. Mzee akaenda kuyapapasa kwa kiganja.

"Hayajazeeka," akasema kwa upole. "Ni mimi tu."

Majira ya kuchipua, Renata alijaza fomu za kodi na fedha zikarudi kama walivyoahidiwa. Akazitumia kutengeneza paa, ambalo nalo lilikuwa limechakaa. Sebule ikakauka, na kikohozi cha mzee kikatulia.

Juzi vijana wawili wapya, mume na mke, walisimama mbele ya nyumba wakiitazama. Wakamuuliza Kaz kama mawe ya nyumba yao nayo yatabanduka kirahisi.

"Inategemea aliyeyaweka," akajibu, akijinyoosha kitini. "Kama ni mimi, nitafuteni. Kama ni mwingine, poleni."