Mstari Ambao Wageni Hawauoni

Kwetu, visiwani Ha'apai, dada haingii nyumba anayolala kaka yake. Hakai naye kutazama filamu, na habari za mwili wa kaka hazipiti mdomoni mwake. Mimi na Manase tuliyashika hayo tangu nilipotimiza miaka kumi. Maneno yetu yalibaki "Mwambie kaka chakula tayari" na "Mwambie dada asante," na mama ndiye aliyeyabeba, hata pale tuliposimama hatua nne tu mbali.

Shule niliiacha darasa la tano, mama alipohitaji mikono ya kuponda magome ya kutengenezea ngatu, nguo yetu ya magome ya mti. Manase alikuwa mpiga mbizi wa majongoo bahari. Siku moja alipanda juu haraka mno kutoka kwenye kina kirefu, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia tena kitu. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Binamu zetu walimjengea nyumba ndogo uani, na ndugu aliyeko Auckland akamtumia kompyuta yake ya zamani.

Hapo ndipo alipoanza kujifunza kutengeneza tovuti, peke yake, kwa masomo ya bure ya mtandaoni. Nikiponda magome nilimsikia mwalimu wa kwenye video akisema sentensi ileile mara sita, mara saba, Manase akimrudisha nyuma. Jioni wenzake walikuja kunywa naye kava, kinywaji chetu cha mizizi.

"Haya, mpiga mbizi," Lopeti alimwuliza, "hiyo mashine inaliwa mbichi au inakaangwa?"

"Inaliwa na wenye akili. Wewe endelea na samaki."

"Msikieni! Mwaka mzima kazini, hajavua hata dagaa."

Walicheka, naye akacheka. Wakishaondoka, video ilianza tena.

Siku moja mama alinijia na simu yake mkononi. "Kaka yako anataka mtu asiyejua chochote aujaribu ukurasa wake. Nikamwambia, huyo tunaye." Akaniachia simu.

Chini ya ukurasa kulikuwa na kisanduku cha kuandika maoni. Nilikikodolea macho kutwa nzima kwa woga. Mwishowe niliandika: "Herufi ndogo. Macho yanauma." Kesho yake herufi zilikuwa kubwa, na chini yake: "Sasa je, bibi mkubwa?"

Nilicheka peke yangu jikoni. Ndivyo tulivyoanza kuzungumza, baada ya miaka tisa.

Nilimwambia rangi ya zambarau aliyoweka ni ya msibani, akaiondoa. Nilimwuliza rangi hubadilishwaje, akanifundisha, kidogo kidogo, kila siku somo moja. Akanionyesha pia kwamba ndani ya ukurasa fundi anaweza kuandika mstari na kuufunga kwa alama fulani, kompyuta ikauruka na mgeni asiuone. Ni wa fundi kujikumbusha mambo yake.

Kisha akaja Seini, mwenye nyumba ya wageni karibu na gati. Alisimama uani, mikono kiunoni.

"Manase, nitengenezee tovuti kabla nyangumi hawajafika na watalii wao. Ikiwa nzuri, nitawaambia wenzangu wote wenye nyumba za wageni. Ikiwa mbaya, nitawaambia pia."

Siku ile aliniandikia: "Dada, nitakuwa na kazi tena."

Alikaa kwenye kiti kuanzia alfajiri. Mama alipomwambia alale kidogo, alijibu kwamba nyangumi hawalali. Kujiosha alijiosha mwenyewe kwa ndoo, mlango umefungwa. Hakutaka mama amshike kama mtoto.

Jumatano moja sikuona somo. Nikaandika: "Kimya cha nini?" Jibu lilikuja papo hapo.

"Usimwambie mama. Kiti kimenichubua makalioni. Sisikii maumivu, ila mto unalowa na unanuka. Nikilala sasa, kazi haitaisha."

Nilisoma mara moja. Nilipotaka kurudia, hayapo. Alikuwa amekumbuka anamwandikia nani, akayafuta. Pale pale pakatokea mengine: "Samahani, dada. Hebu jaribu kitufe cha picha."

Nikakijaribu. "Kinafanya kazi," nikaandika.

Alasiri ileile alikuja shangazi Ungatea, dada wa marehemu baba, kuangalia ngatu yetu. Katika ukoo wetu neno la shangazi halijadiliwi. Angesema tu "Mpakieni kwenye boti," na Manase angefika hospitali kabla ya jua kuzama.

"Kaka yako yukoje?" aliniuliza.

"Yupo, shangazi. Anafanya kazi."

"Na wewe mbona umeiva hivyo kama kaa wa kuchemsha?"

"Jua, shangazi."

"Jua la kivulini!" Akacheka, akainama tena kwenye ngatu.

Maneno yalikuwa tayari. Lakini ningemwambia, ningelazimika kupataja pale mahali. Angeuliza nimejuaje, nami ningesema kaka yangu ameniandikia mimi, kwa vidole vyake. Akilini nilimwona Manase akishindwa kuinua uso mbele ya watu. Nikaokota nyundo yangu nikaendelea kuponda. Niliponda kwa nguvu mpaka gome likatoboka, na mama akanigombeza.

Tovuti iliisha Alhamisi ya wiki iliyofuata. Seini alileta viazi vikuu na nyama ya kopo, akaionyesha simu yake kwa kila aliyepita njiani. Lopeti alimwinulia Manase bilauri ya kava akasema, "Leo amevua nyangumi." Nilisikia kila kitu nikiwa jikoni. Nilisikia pia kwamba Manase hacheki.

Ijumaa alitetemeka kwa homa. Boti ilimpeleka. Jumanne akafa.

Daktari alizungumza na mama ukumbini, mimi nikiwa nyuma ya nguzo. "Kidonda kimefika kwenye mfupa. Nyumbani hakuna aliyejua?"

"Hakuna," mama alisema. "Angejua nani? Alikuwa haguswi."

Msibani, ambako kwetu watu hufunga mikeka kiunoni, nilivaa mkeka laini, wa heshima, kwa sababu dada ni mkubwa kwa kaka yake hata akiwa mdogo kwa umri. Binamu zetu wa upande wa mama walivaa mikeka iliyochanika, wakapika, wakachoka. Mimi niliketi tu karibu na kichwa chake.

"Inua uso," shangazi aliniambia. "Wewe ndiye mkubwa wake hapa."

Sikuweza.

Siku kumi baada ya maziko nilikwenda kwa shangazi, nikayasema yote, na pale mahali nikapataja kwa jina lake. Aliacha kusuka.

"Alikuandikia wewe?"

"Mimi, shangazi. Halafu akafuta."

"Lesieli, mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Vidole vyake vilibaki vimeshika ukindu uleule. "Mama yako asilisikie hili. Litamwua. Libaki hapa." Akaugusa mkeka. Tangu siku hiyo hajawahi kunitania tena.

Seini alipokuja kulalamika kwamba tovuti ina bei ya zamani na hakuna wa kuibadilisha, mama aliniangalia. Niliingia nyumba ya Manase kwa mara ya kwanza maishani. Mto walikuwa wameshauchoma. Nilikalia ndoo, sikukalia kiti.

Ndani ya ukurasa nilikuta mistari yake ya kujikumbusha. "Dada kasema herufi ndogo. Ni kweli." "Dada kasema hii rangi ya msibani." "Kitufe cha picha: dada kakijaribu Jumatano, kinafanya kazi." Hapo chini niliandika wangu, nikaufunga kwa alama alizonifundisha: "Jumatano hiyo nilijua. Sikusema."

Kisha nikabadilisha bei.

Sasa nina tovuti tatu za nyumba za wageni, na nasoma masomo yaleyale, mwalimu yuleyule, nikimrudisha nyuma mara sita, mara saba. Wageni hufungua ukurasa wa Seini, wakatazama nyangumi, wakabonyeza kitufe. Kila ninapoingia kurekebisha kitu naupita ule mstari. Sijaufuta.