Mashine Bila Risiti

Jumamosi saa nne asubuhi Fortunata alimwachia Celina, jirani yake wa meza pale Kariakoo, mabeseni yake ya plastiki, akafuatana na binti yake Evelyn kutafuta laptopu. Evelyn alikuwa amepata nafasi ya shahada ya pili, hesabu za masoko ya fedha, na masomo yalianza Jumatatu. Chuo kilimtumia orodha ya mambo ambayo mashine lazima iwe nayo. Fortunata, aliyeishia darasa la saba, alishika moja tu: kumi na sita.

"RAM iwe kumi na sita, mama. Ya nane itaganda."

"Kwani mnaipikia makande?"

"Tunabahatisha bei mara laki moja, tuone hasara itamwangukia nani."

"Haya."

Waliingia maduka sita. Kila penye kumi na sita, bei ilikuwa ya kiwanja. La saba lilikuwa ghorofani, la Awadhi.

"Shikamoo mama mkwe!"

"Marahaba. Huyu kaposwa na vitabu, umechelewa."

Awadhi akacheka, akainama, akatoa mashine chini ya meza, siyo kwenye rafu. Ilikuwa ya kijivu, imefutwa vizuri, ina stika ya jogoo kwenye mfuniko, na herufi N imefutika. Kumi na sita. Pembeni alisimama kijana mwenye kiatu kimoja, kiwiko kimechubuka. Fortunata alidhani ni mbeba mizigo.

"Ya risiti au bila risiti?" Awadhi akauliza, kama wanavyouliza wote.

Bila risiti ilishuka laki nne.

"Risiti nitaila?" akasema Fortunata, akafungua fundo la khanga.

Waliposhuka ngazi, yule kijana akashuka nao. Mpaka nyumbani kwao Magomeni alikuwa nyuma yao hatua tatu, kiatu kikigonga lami, mguu wa pili kimya. Mlangoni akakivua.

"Shikamoo mama. Naitwa Nurdin. Mashine hiyo nilikuwa naandikia tasnifu."

Akaeleza bila haraka. Wawili kwenye pikipiki walimvuta begi, saa nane mchana. Hakuachia mkanda, maana sura ya tatu hakuwa ameihifadhi mahali pengine. Walimburuta mpaka kona. Alizikwa kwao Newala, mwezi wa tatu.

"Ungeachia, baba."

"Ningeachia, mama."

"Sura ya tatu ilihusu nini?" akauliza Evelyn. Nurdin alipomwambia, akamvutia kiti. Lilikuwa somo lake la muhula wa kwanza.

Wao wakatulia. Fortunata ndiye hakutulia. Alifagia palipofagiwa, akachuja chai mara mbili, akatoka, akarudi. Siku ya tatu alichuma jani la sale kwenye kopo la mlangoni, akalifunga fundo, akampa Nurdin kwa mikono miwili. Kwao Rombo, ukipewa jani hilo, hata aliyekuua unamsamehe.

Nurdin alilipokea kwa adabu. "Jani zuri. Ila kwetu, mama, hili hatuna." Akalitia kwenye glasi ya maji lisinyauke.

Kesho yake Fortunata alipanda ghorofani kwa Awadhi.

"Ile mashine ina mwenyewe."

"Una risiti, mama?"

"Sina."

"Basi hukununua hapa." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anahudumia mteja mwingine. Pembeni alisimama msichana mwenye bandeji kichwani, anasubiri mashine yake inunuliwe.

Angeweza kwenda polisi. Ila polisi wangeizuia mashine iwe ushahidi, na Evelyn alikuwa na jaribio Ijumaa. Alifika mpaka kona ya kituo, akageuka. Tangu hapo kila anayenunua beseni kwake humwambia, "Ukinunua kitu mjini, dai karatasi, uliza kimetoka wapi kabla hujakifikisha kwako." Watu hucheka. Beseni la elfu tatu!

Alhamisi moja mchana mama mmoja aliyevaa baibui aliomba kupumzika mezani pake. Aliitwa Zulekha. Tangu amalize arobaini ya mwanawe anapita duka kwa duka.

"Natafuta kompyuta ya mwanangu, dada. Ina jogoo kwenye mfuniko. Kazi yake yote imo humo."

Fortunata alimpa kigoda. Akampa maji.

"Nitakuangalizia, dada," akasema, akapanga upya mabeseni yaliyokuwa yamepangwa.

Jioni Nurdin aliinua macho kwenye kioo cha mashine. Hawezi kwenda mbali nayo zaidi ya hatua chache, kwa hiyo habari za Kariakoo huzipata kwa Fortunata.

"Mama yangu alipita?"

"Alipita."

"Alikunywa maji?"

"Alikunywa."

"Ahsante, mama." Akamgeukia Evelyn. "Rudia tena. Hasara bado inamwangukia asiyekuwepo."